Mama anaishi kwa pesa za Inua Jamii: atalipaje mchango wa SHA wa mwaka mzima kwa mkupuo?

Mzaliwa wa Mwingi aliuliza:

Hamjambo ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa wale wanaoufahamu vyema mfumo wa bima ya afya ya umma hapa Kenya, hasa kwa upande wa wazee na watu wenye ulemavu.

Mama yangu amepita miaka sabini na anaishi Mwingi pamoja na mdogo wangu, ambaye ni mtu mzima lakini ana ulemavu wa viungo tangu utotoni na hajawahi kuajiriwa. Mama ana kisukari na presha. Kipato chake cha uhakika ni zile pesa za wazee za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo mara nyingine huja za miezi kadhaa kwa pamoja. Zaidi ya hizo kuna mbaazi na ndengu za shambani mvua ikinyesha vizuri, na kile ambacho sisi watoto tunamtumia kwa M-Pesa tukijaliwa.

Alisajiliwa SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayoendesha bima hiyo, akaulizwa maswali ya tathmini ya uwezo wa kulipa, na akapangiwa kiwango cha chini kabisa, yaani shilingi 300 kwa mwezi. Sina ugomvi na kiasi hicho kikitazamwa peke yake. Ugumu uko katika namna ya kukilipa: asiye na mshahara hatoi mwezi kwa mwezi, bali hutakiwa kutoa shilingi 3,600 za mwaka mzima kwa mkupuo ndipo bima ifanye kazi hospitalini. Mimi nimeajiriwa hapa Nairobi na ninakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, lakini mzazi hahesabiwi miongoni mwa watu wanaofaidika na mchango wa mtoto wake, kwa hiyo makato yangu hayamsaidii mama kwa lolote.

Je, kuna njia ya kisheria ya kumfanya mama asilipe, au angalau alipiwe na serikali? Mdogo wangu anapaswa kuwa na mchango wake mwenyewe au anaingia katika kaya ya mama? Na swali ambalo limenikaa moyoni zaidi: kama serikali imekwisha kumtambua mama kuwa mtu anayestahili kusaidiwa, ikamweka katika orodha ya Inua Jamii na kumtumia pesa, kwa nini serikali hiyo hiyo impime upya na kumdai sehemu ya pesa hizo?

Mhudumu wa Kijiji alijibu:

Pole kwa majukumu, ndugu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika kaunti ya Kilifi, na kusajili kaya na kuwapitisha watu katika maswali ya tathmini ndiko kunakokula muda wangu mwingi tangu mfumo huu uanze tarehe 1 Oktoba 2024.

Nianze na lile ambalo wengi hawaelezwi. Kisukari na presha ya mama, maadamu vinahudumiwa katika zahanati au kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, havihitaji awe amelipa zile 3,600. Huduma za mgonjwa asiyelazwa katika ngazi hizo hulipiwa na Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi, ambayo fedha zake hutoka serikalini, na sharti lake ni usajili tu. Mchango ndio unaohitajika kuanzia ngazi ya 4: kulazwa, upasuaji, kusafishwa damu kwa mwenye figo zilizofeli na mengineyo. Kwa hiyo mama asikubali kurudishwa kutoka zahanati kwa sababu hajalipa. Kama dawa zimekwisha, hilo ni jambo jingine, na kwa dawa za kisukari hutokea mara nyingi kuliko inavyostahili.

Kuhusu mdogo wako, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 inamhesabu mtoto mwenye ulemavu anayemtegemea kabisa mchangiaji na kuishi naye kuwa mnufaika wa mchangiaji huyo, hata akiwa ameshapita umri wa miaka 21. Maana yake, kaya ni moja na mchango ni mmoja. Hakikisheni jina lake limeingizwa katika kaya ya mama na kwamba ameandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Nimekuta nyumba ambamo mwenye ulemavu alisajiliwa peke yake kana kwamba anajitegemea, na kwa hivyo nyumba hiyo ikadaiwa michango miwili.

Sasa tathmini. Maswali yenyewe hayaishii kwenye kipato. Tunauliza paa ni la makuti au la mabati, sakafu ni ya udongo au ya saruji, maji yanatoka wapi, choo ni cha namna gani, mnapikia kuni au gesi, mna mifugo mingapi, mnamiliki nini. Kutokana na majibu hayo mfumo unakisia kipato cha kaya. Kwa kijana mwenye duka makisio hayo huenda yasiwe mbali sana na ukweli. Kwa mzee ni tofauti, kwa sababu vitu vilivyomo nyumbani mwake havisemi hali yake ya leo. Nilikaa na bibi mmoja kwenye baraza ya nyumba ya mawe yenye mabati mapya. Nyumba ilijengwa na mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Mombasa na ambaye sasa ni marehemu. Ndani mlikuwa na televisheni iliyoharibika na jiko la gesi lisilokuwa na gesi. Kila kitu nilichokiandika kwa uaminifu kilimwongezea uwezo ambao haumo mfukoni mwake, na bibi mwenyewe aliona fahari kunionyesha vitu hivyo. Mama yako amepangiwa kiwango cha chini. Wako wengi wa hali yake waliopangiwa zaidi.

Kuhusu kulipiwa, sheria yenyewe inazitaja kaya zisizo na uwezo, ambazo michango yake hulipwa na serikali. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuwalipia watu milioni 2.2. Nenda kwa mhudumu wa kijiji chenu na kwa chifu, uulize kama kaya ya mama imo katika orodha hiyo, na uliza pia katika ofisi ya kaunti na ya mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lenu (NG-CDF), maana baadhi ya kaunti na wabunge huwalipia wakazi wao.

Hesabu za Jioni alijibu:

Mhudumu ameeleza vyema upande wa utekelezaji. Mimi nitagusa bei yenyewe, kwa kuwa muulizaji amesema hana ugomvi nayo, na nadhani anapaswa kuwa nao.

Asilimia 2.75 inaonekana kuwa mzigo unaolingana kwa kila mtu, lakini kiwango cha chini cha shilingi 300 kinauvunja ulinganifu huo kwa walio chini. Shilingi 300 ni asilimia 2.75 ya kipato cha takriban shilingi 10,909 kwa mwezi. Kila kaya yenye kipato kilicho chini ya hapo hulipa zaidi ya asilimia 2.75, na kadiri inavyozidi kuwa maskini ndivyo sehemu inayotoa inavyozidi kuwa kubwa. Tukihesabu pesa za Inua Jamii pekee, mama huyu hupokea shilingi 24,000 kwa mwaka. Asilimia 2.75 ya kiasi hicho ni shilingi 660. Anadaiwa 3,600, ambazo ni asilimia 15. Mwenye mshahara wa shilingi 100,000 anakatwa 2,750 kwa mwezi, analalamika, na ana haki ya kulalamika kwa sababu zamani alikuwa akilipa 1,700; lakini kwa kipimo cha sehemu ya kipato, mzee wa Mwingi anatozwa zaidi ya mara tano kumzidi.

Wanaosema kwamba mfumo mpya ni nafuu kwa asiye na mshahara hawadanganyi. Chini ya NHIF, bima ya umma iliyoitangulia SHA, mwanachama wa hiari alilipa shilingi 500 kwa mwezi, sawa na 6,000 kwa mwaka. Hata hivyo, mtu anayepata pesa kidogo kidogo hapimi unafuu kwa jumla ya mwaka. Hupima kwa kile kilichomo mkononi siku anayodaiwa. Ndiyo maana mwaka 2025 kukaanzishwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao humkopesha mtu mchango wa mwaka akaurejesha kwa vipande. Kwa mama mboga anayeuza kila siku, mpango huo una maana. Kwa mtu aliyepita miaka sabini asiye na biashara, ni kumtwisha deni ili alipe kitu ambacho hakupaswa kudaiwa.

Swali la tatu la muulizaji ndilo zito, na jibu lake lilikwisha kutolewa na serikali yenyewe zamani. Mwaka 2014 ulianzishwa mpango wa ruzuku ya bima kupitia NHIF kwa ajili ya wazee na watu wenye ulemavu mkubwa, na walengwa wake walikuwa watu waliokwisha kuorodheshwa kupokea pesa za serikali. Hakuna aliyepimwa paa. Orodha ipo, nambari za vitambulisho zipo, na kila malipo yanayopita ni uthibitisho kwamba mtu huyo yupo. Wanufaika wa Inua Jamii ni zaidi ya milioni 1.2. Hata tukichukulia kwamba kila mmoja ni kaya yake, jambo ambalo si kweli kwa kuwa wengi huishi pamoja, kuwalipia wote mchango wa chini kungegharimu takriban shilingi bilioni 4.3 kwa mwaka. Si pesa ndogo, lakini zinajulikana mapema na zinaweza kuandikwa kwenye bajeti bila kukisia.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Ghana, katika sheria yake ya bima ya afya ya mwaka 2012, inamwondolea mchango kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, na mfuko wake hutegemea kwa sehemu kubwa tozo ya asilimia 2.5 inayotozwa kwenye bidhaa na huduma. Rwanda kwa miaka mingi iligawa kaya katika makundi ya Ubudehe: kundi la chini kabisa lililipiwa na serikali na halikutozwa ile sehemu ambayo wengine hulipa wanapotibiwa. Hilo la pili huwa tunalisahau tunapojadili unafuu.

Jirani wa Makueni alijibu:

Ningependa kuwakumbusha kwamba hatuhitaji kuvuka mpaka kutafuta mfano. Hapa kwetu Makueni, wakati wa gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilianzisha mwaka 2016 mpango wake wa afya kwa wote: kaya ililipa shilingi 500 za usajili kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na mwenye umri wa zaidi ya miaka 65 hakulipa chochote. Mzee alionyesha kitambulisho. Umri umeandikwa pale, hakuna wa kubishana naye.

Mpango ulikuwa na mipaka yake, na ni haki kuitaja. Kadi haikuwa na nguvu nje ya hospitali za kaunti, kwa hiyo mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Nairobi alirudi kwenye harambee kama kawaida. Tena kitu kilichosimamishwa na gavana mmoja kinategemea bajeti ya gavana anayefuata. Hata hivyo ulionyesha kwamba kigezo cha umri kinaweza kutumika bila mashine na bila maswali arobaini.

Mstaafu Mtulivu alijibu:

Mimi nimepita miaka sabini na ninapokea pensheni ya ualimu. Nina vyumba vichache vya kupangisha. Sioni kwa nini kijana anayekatwa mshahara wake anilipie mimi bima kwa sababu tu nina mvi. Tukisema wazee wote wasilipe, tutakuwa tumewasaidia wenye uwezo kwa jina la wasio nao, na mfuko utakosa fedha za kuwalipa madaktari. Heri tathmini yenye kasoro kuliko kutokuwa na tathmini.

Hesabu za Jioni alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Hoja yako ni ya msingi, na ndiyo maana sikupendekeza umri mtupu bali orodha ya Inua Jamii. Orodha hiyo, tangu ilipopanuliwa mwaka 2018 kuwachukua wote wenye miaka 70 na zaidi, iliwaacha nje wanaopokea pensheni. Wewe hukuwekwa humo. Kazi ya kukutenga ilikwisha kufanyika, na haina haja ya kurudiwa kwa kuuliza mtu anapikia nini.

Kasoro ya orodha ni nyingine: haifunguliwi kila mara. Mtu anayefikisha miaka 70 leo anaweza kusubiri kwa muda mrefu kabla ya kuandikishwa. Kwa hiyo wale ambao hawajaingia wangehitaji mlango wa pembeni, na hapo ndipo ningekubali tathmini ya kijijini, mradi ifanywe na watu wanaomjua na matokeo yake yaweze kupingwa bila mzee kulazimika kusafiri. Sheria inaunda baraza la kutatua migogoro, ni kweli, lakini sijui mzee wa Kyuso kule Mwingi atafikaje mbele yake kwa ajili ya tofauti ya shilingi 200 kwa mwezi.

Magurudumu Mawili alijibu:

Naona mjadala umeegemea kwa wazee. Naomba niusogeze kidogo upande wetu, kwa kuwa mara nyingi huwekwa pamoja katika sentensi moja, wazee na watu wenye ulemavu, kisha suluhisho linalotolewa huwa la wazee.

Mimi hutumia kiti cha magurudumu kutokana na jeraha la uti wa mgongo na nimeajiriwa. Nina cheti cha kusamehewa kodi ya mapato, ambacho kwa mtu mwenye ulemavu hugusa shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi. Msamaha huo hauhusu mchango wa SHA. Nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kama mwenzangu anayepanda ngazi. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024 mchango wa SHA huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kuhesabiwa, na huo ni unafuu mzuri kwa mwenye kulipa kodi. Kwangu mimi, ambaye mshahara wangu hauvuki kiwango cha msamaha, unafuu huo ni sifuri. Matokeo yake ni kwamba wafanyakazi wawili wenye mshahara mmoja, mmoja akiwa na ulemavu, wanachangia kiasi kile kile, lakini nafuu iliyotolewa kufidia mchango inamfikia yule asiye na ulemavu.

Ningelivumilia hilo kama bima ingelipia vile ambavyo mwili wangu unavitaka. Nina droo moja nyumbani ambamo naweka katheta, glavu, jeli, pamba na dawa ya kusafishia. Kila mwisho wa mwezi naifungua kabla sijalipa kodi ya nyumba, kwa sababu katheta zikiisha nitalazimika kutumia moja mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa, na kutokana na hilo huja maambukizi ya njia ya mkojo, na kutokana na maambukizi huja kulazwa. Bima italipia kulazwa, kwa kiwango cha shilingi 3,360 kwa siku katika hospitali ya ngazi ya 4. Vifaa ambavyo vingenizuia nisilazwe navinunua dukani. Mwenye mtoto aliyepooza ubongo atawaambia hayo hayo kuhusu nepi za watu wazima na mazoezi ya viungo, na asiyesikia atawaambia kwamba hajawahi kuona mkalimani wa lugha ya ishara katika chumba cha daktari.

Kwa hiyo mtu anapouliza namna ya kuifanya bima iwe nafuu kwa watu wenye ulemavu, ningeomba aanze kwa kuhesabu gharama zote za mwezi, pamoja na nauli. Mimi siwezi kupanda matatu ya kawaida. Teksi ya kwenda na kurudi kliniki hunigharimu zaidi ya mchango wa chini wa miezi kadhaa. Na yule ambaye hajapata kadi ya Baraza la Watu Wenye Ulemavu anatakiwa kwanza afanyiwe tathmini ya ulemavu na madaktari katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, ambayo huenda iko mbali na kwao, ili athibitishiwe kwamba hawezi kutembea.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 imetiwa saini, na Kifungu cha 54 cha Katiba, kinachotaja haki zetu, kiko pale tangu 2010. Ninachokitaka ni kidogo kuliko katiba: katheta ziwe katika orodha ya huduma zinazolipiwa.

Mdau wa Morogoro alijibu:

Salaam kutoka Tanzania. Nimeufuatilia mjadala huu kwa makini kwa sababu sisi tumeishi na ule upande wa pili ambao baadhi yenu mnautamani, yaani mzee kutolipa kabisa, na ningependa mfahamu unavyokuwa ukikosa fedha nyuma yake.

Sera yetu ya Taifa ya Wazee ilitolewa kwanza mwaka 2003, na tangu hapo msimamo wa serikali umekuwa kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Vituo vingi vina dirisha la wazee lenye maandishi ya kuwapa kipaumbele. Mzee anapewa barua au kitambulisho kupitia serikali ya kijiji au ya mtaa, anafika, anapokelewa kwa heshima, anaandikiwa vipimo. Kisha anaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Msamaha ulimwondolea mzee ada ya kumwona daktari, lakini haukumrudishia hospitali pesa ya ile dawa. Kituo kinachohudumia wazee wengi hupoteza mapato mengi, na mganga mfawidhi ambaye anategemea mapato hayo kununua dawa hujikuta kila mzee anayeingia ni pengo katika hesabu zake. Hakuna anayesema hivyo kwa mdomo, ila mzee huliona dirishani.

Ndiyo maana baadhi ya halmashauri ziliona afadhali kuwakatia wazee kadi za CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambayo katika mikoa mingi ilikuwa shilingi 30,000 za Tanzania kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Pesa hiyo ni ndogo na kadi ilikuwa na mipaka yake, lakini angalau mzee aliingia kituoni akiwa na mtu wa kumlipia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imechukua mwelekeo huo: wasio na uwezo watambuliwe na kulipiwa, na imetaja vyanzo mahususi vya fedha, vikiwemo kodi za vinywaji vyenye kaboni, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Nasi tunao ugomvi wetu kuhusu utambuzi, maana daftari la kaya maskini la TASAF, mfuko wetu wa maendeleo ya jamii, lina majina ambayo kijiji kizima kinashangaa yalifikaje humo.

Nisemacho ni kwamba mkidai mama wa ndugu yetu asilipe, dai lenu liwe kwamba mtu mwingine analipa, kwa jina lake, kwa tarehe inayojulikana. Mkiishia kwenye neno bure, hospitali ndiyo itakayobebeshwa, nayo itamrudishia mzee mzigo huo kimyakimya. Zanzibar wao walianza kwa kumpa mzee pesa mkononi: pensheni jamii ya mwaka 2016 kwa kila mwenye miaka 70, ambayo ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Inamsaidia nauli na uji. Hailipi upasuaji.

Mzaliwa wa Mwingi alijibu:

Nawashukuru sana nyote, na Mdau wa Morogoro nimekusikia. Nimezungumza na mama kwa simu. Amethibitisha kwamba zahanati ya karibu humpa dawa za presha bila kudaiwa, ila za kisukari hununua mwenyewe. Nimegundua pia kwamba mdogo wangu amesajiliwa peke yake, kama Mhudumu alivyotahadharisha, kwa hiyo nyumba moja imepangiwa michango miwili.

Nimeamua nitalipa 3,600 za mwaka huu mimi mwenyewe huku nikifuatilia ile orodha ya kulipiwa na serikali. Nina wasiwasi na jambo moja. Nikimlipia, je, si itaonekana kwenye mfumo kwamba ana uwezo wa kulipa, na hivyo akakosa nafasi ya kufadhiliwa mwakani? Pia mama amelima maisha yake yote na alama za vidole vyake zimefutika. Hata kwenye kupokea pesa za wazee huwa ni taabu.

Mhudumu wa Kijiji alijibu:

Kinachoangaliwa ni majibu ya tathmini ya kaya, wala si nani aliyetuma pesa, kwa hiyo usiache kumlipia kwa hofu hiyo. Mama akilazwa wakati mchango haujalipwa, gharama ya siku chache tu itazidi hizo 3,600. Ila hakikisha majibu yake ya tathmini ni sahihi kama hali ilivyo sasa: kama mlijibu kwamba kuna ng'ombe na ng'ombe waliuzwa wakati wa ukame, omba irekebishwe. Ile pesa unayomtumia kwa M-Pesa nayo isemwe kama ilivyo, kwamba ni ya watoto na haiji kila mwezi.

Mambo ya kufanya kabla ya kulipa ni haya. Kwanza mdogo wako aondolewe kwenye usajili wa peke yake na aingizwe katika kaya ya mama. Hilo lifanyike katika ofisi ya SHA iliyo karibu nanyi, mkiwa na vitambulisho vya wote wawili na kadi yake ya ulemavu kama anayo. Ukilipa kwanza halafu ukahamisha, unaweza kujikuta unalifuatilia jina lake wakati tayari yuko wodini.

Kuhusu vidole, usingoje siku ya ugonjwa. Hospitali sasa zinatumia alama za vidole kuthibitisha mgonjwa, na kwa wakulima na wavuvi wa hapa kwetu tatizo ni lile lile. Siku mtakayokwenda kurekebisha usajili, mwombe mhudumu ajaribu vidole vyote kumi, si kidole gumba peke yake. Mara nyingi kidole cha mwisho cha mkono ambao mtu hashikii jembe huwa bado kinasomeka. Vikigoma vyote, hilo liandikwe kwenye usajili wake siku hiyo hiyo, na namba ya simu iliyowekwa pale iwe ya mtu anayeishi naye, isiwe yako wewe uliye Nairobi.

Mzaliwa wa Mwingi alijibu:

Namba iliyowekwa ni yangu. Nitaibadilisha iwe ya mdogo wangu.